Uniitikie Siku Tatu

Kaka yangu uliyelala huku mkongeni,

Ulipopanda lori pale Songea ulisema, "Nafuata baiskeli tu, narudi." Baiskeli gani hiyo ya miaka mitatu? Wenzetu walikuja Tanga kwa ajili ya kodi, wengine mahari. Mimi nilikufuata wewe. Mama, ambaye sasa haoni kabisa, alinishika mkono akasema, "Kamlete mwanangu." Nikatia sahihi mkataba wa manamba, vibarua wa kukata mkonge, ili nipate kupanda lori.

Kumbe homa ilishakuchukua. Mnyapara hakujua kama sisi ni ndugu. Alinitupia kibati cha namba, akasema, "Haya we, shika. Mwenyewe tumemzika, namba haizikwi." Nikauliza mwenyewe ni nani. Akataja jina lako. Nikakivaa shingoni, kaka.

Alfajiri yake tukajipanga kambini, akaita namba ya kibati chako, "Mia nne kumi na saba!" Kabla sijafumbua mdomo, mtu nyuma yangu akaitika, "Nipo!" Sauti yako, haki ya Mungu, na kile kikohozi chako. Nikageuka. Hapakuwa na mtu, ni mkonge tu na umande. Mnyapara akatia alama, akaita mwingine. Tangu hapo ni hivyo kila alfajiri, na wenzangu hawataki tena kusimama karibu nami. Nilikuogopa, sikufichi. Nilikuwa nakata mkonge huku nageuka kutazama nyuma.

Mpaka nilipomkumbuka baba. Jioni alikuwa akituita mmoja mmoja, na mimi bado nacheza mtoni. Wewe uliitika kwa ajili yako, kisha ukabana sauti ukaitika na kwa ajili yangu. Viboko vingapi viliniepuka!

Basi juzi nilijificha nyuma ya jiko la kambi, nikasikiliza. Namba ikaitwa. Ukaitika. Mnyapara akatia alama kwamba nipo. Lo, nilicheka huku machozi yananitoka. Hapa mtoro huanza kutafutwa siku asipoitika, na wengi hukamatwa kabla ya kufika Muheza.

Kesho naondoka. Udongo wa kaburi lako nimeufunga ndani ya shati lako, maana mama aliniagiza nikulete. Uniitikie siku tatu tu, nivuke Korogwe, kisha upumzike, kaka. Umechoka.

Nami nikifika nyumbani, mama akiuliza mlangoni kama ni wewe, nitaikaza sauti iwe nzito. "Nipo, mama."

Ni mimi,
mdogo wako wa mtoni.