Mfuko wa Ndani wa Gauni la Mwamini

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Binti yangu Mwamini anaolewa! Posa imekubaliwa, fatiha imesomwa. Kijana ni Munyakazi, fundi saa, mtoto wa watu, anaswali. Nyakabanda yote inajua – nimehakikisha mwenyewe! Binti wa kwanza mtaani kumaliza shule ya ualimu, na gauni nitamshonea mimi. Nani mwingine? Hakuna fundi hapa anayenifikia. Nasema ukweli tu.

Jumatano, 8 Agosti

Mwamini amekwenda Kagarama peke yake kumwalika shangazi yangu Mukandekezi! Bila kuniuliza. Eti upande wa bwana harusi wanataka mwanamke mkubwa wa ukoo awapokee na amuase bibi harusi, na sisi hatuna mwingine.

Shangazi! Aliyenichukua mama alipokufa, nina miaka sita. Aliyefunga chakula kwa kufuli na kuvaa ufunguo shingoni. Nikigusa kitu – fimbo. Nikisema nina njaa – fimbo.

Nikapiga kelele: huyo hakanyagi hapa! Halafu nikaanza kutaja yangu yote, watoto watano nimesomesha, mashini mbili, nguo zangu zinavaliwa mpaka Butare... Mwamini akasema taratibu: Mama, ukianza kujisifu najua umeogopa.

Mtoto huyo! Nimemfukuza chumbani.

Ijumaa, 10 Agosti

Mwamini amejaribu gauni. Akaingiza mkono upande wa kushoto, ndani ya bitana, akakuta – mfuko! Mdogo, umefichwa kwenye mshono. Akacheka: Mama, bibi harusi ataficha nini humu, sambusa?

Sikumbuki kuushona. Wallahi. Mikono imefanya yenyewe.

Kisha akaacha kucheka. Akasema nguo zao zote, yeye na ndugu zake, zina huo mfuko, hata sare za shule. Walidhani ni mtindo wangu.

Ndipo nikajua. Nilikuwa na miaka saba. Niliiba sindano, nikashona mfuko ndani ya gauni langu, mahali pa kuficha kiazi kitamu. Cha jana, baridi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ushonaji. Mtindo gani! Ilikuwa njaa.

Yooo! Miaka thelathini na tano katoto hako ndani yangu bado kanashona. Hakuna aliyekaambia kwamba chakula kipo.

Nimelia, nikakinga machozi kwa kitenge yasianguke kwenye gauni jeupe.

Jumapili, 12 Agosti

Baada ya kuswali alfajiri nilikaa uani, nikakaambia katoto. Kwa sauti! Gasana, mume wangu, akaitika akidhani namwita yeye. Nikamwambia rudi ndani, baba Mwamini, hayakuhusu.

Nikakaambia: Asante. Ulinilinda vizuri. Hata majivuno yangu, najua ni wewe unayasema, ili watu wasione gauni limechanika. Sasa keti. Nyumba ni yangu, sufuria ni yangu. Hakuna atakayekupiga.

Hakakuketi. Kamesimama tu mlangoni kananiangalia. Lakini kamesikia, nadhani.

Jumanne, 14 Agosti

Nimekwenda Kagarama. Si kumsamehe shangazi – kumpima nguo ya harusi. Atakayepokea wageni kwangu hawezi kuvaa matambara, watu watanicheka mimi, fundi! Yewe, amekuwa mdogo! Mabega kama ya msichana. Nilipofika kwenye mkono, ule wa kulia, wa fimbo, nilipima nikasahau namba. Nikapima tena. Nikasahau tena.

Akaniuliza: Umekula?

Maisha yangu yote sijalisikia neno hilo kinywani mwake. Nikajibu haraka: Nimeshiba, shangazi. Uongo! Tangu asubuhi chai tu. Midomo ilijibu kabla yangu.

Akasukuma sahani ya maharagwe mbele yangu. Macho yake hayaoni vizuri tena, alikuwa anaitafuta meza kwa vidole. Niliitazama ile sahani mpaka ikapoa. Nikakunja futi yangu ya kupimia, nikaaga. Nimelia njia nzima, watu wananiuliza nani amekufa.

Sasa Mwamini anauliza kama amwandalie bibi Mukandekezi kitanda hapa Jumamosi, au kijana wa jirani aende tu kumleta Jumapili asubuhi na kumrudisha. Anasema: Mama, uamue wewe, mimi nitakubali. Sijamjibu. Nguo ya shangazi nimeikata, iko mezani, sijaanza kuishona. Wageni wameshaambiwa saa: baada ya adhuhuri. Wanakuja wote harusini Jumapili.