Oili ya Difu Uliyotunyima

Litembo,
S.L.P. Mbinga.
9 Juni 1996

Mpendwa kaka Tarsisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe na wifi Hilda na watoto. Je, kile kifua kilichokuwa kikimsumbua wifi kimepona? Sisi huku tunaamka. Baridi ya mwezi huu ni kali, mama hatoki jikoni mpaka jua lipande, lakini hajambo. Kahawa za bondeni zimeanza kuiva.

Mume wangu Henry naye anaamka. Siandiki kwamba hajambo, kwa sababu mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti, na wewe hukuuliza.

Nakuandikia kwa ajili ya maneno uliyompa Lusekelo, wakala wako, ayalete hapa kijijini: kwamba shemeji yako alikuwa anakimbiza lori, ndiyo maana likaanguka. Aliyasema mbele ya majirani. Sasa nikusimulie mimi, maana ndani ya lori lile nilikuwamo na wewe hukuwamo.

Ulilinunua baada ya serikali kuruhusu watu binafsi kununua kahawa, na chama chetu cha ushirika kikiwa kimeshakufa. Henry alikuwa dereva wa chama miaka mingi, ukasema kazi ibaki kwa ndugu. Tulishukuru. Mama alikusalia rozari.

Kitu cha kwanza Henry alichokuomba ni oili ya difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma. Si ya injini. Alitaka ile nzito ya gia, yenye dawa ya kukinga meno yasisagane lori likibeba mzigo. Akakueleza kwamba kitabu cha lori kinataja kilomita nyingi kabla ya kubadilisha, lakini kitabu hicho kinazungumzia barabara za lami. Huku kwetu lori linapanda na kushuka milima likiwa limejaa, na masika linavuka mito maji yakifika kwenye ekseli. Chama kilikuwa kinabadilisha oili kila msimu ukianza, na lori likitoka kwenye maji mengi walifungua nati ya difu kutazama kama oili imegeuka rangi ya maziwa.

Ulimjibu kwa simu ya posta ya Mbinga, nami nilikuwa nimesimama pembeni nasikia sauti yako: "Shemeji, oili ni oili. Subiri tumalize kwanza kusomba mahindi." Baadaye ukatuma dumu lisilo na nembo, la bei rahisi, kutoka kwa hao wafanyabiashara wenzako. Henry alichovya kidole, akasugua, akanionyesha. Nyepesi kama mafuta ya kupikia. Akakupigia tena. Ukamwambia kama hataki kazi, madereva wapo wengi.

Masika difu ikaanza kulia. Siku ile tulikuwa tunateremsha mahindi kwenda Lundo, kule ziwani, mimi nikifuata dagaa. Mlio ukazidi. Henry akasimamisha lori, akaingia chini, akagusa difu na kurudisha mkono haraka.

"Edina," akaniambia, "tukifika Lundo lori hili siligusi tena mpaka Tarsisi alete oili."

Akaendelea kwa gia ndogo, polepole mno, hata akina mama waliobeba mizigo kichwani wakatupita wakicheka. Huko ndiko kukimbiza unakokusema. Tulipokaribia tambarare difu ikakamata. Magurudumu ya nyuma yakaganda, lori likateleza kwenye tope, likalala ubavu wa kulia korongoni. Mimi nilitokea dirishani. Mguu wa Henry ulikuwa umebanwa na mlango. Wale akina mama ndio waliorudi mbio, wakatua mizigo yao, wakaita watu. Henry hakulia. Aliniuliza tu kama nimeumia.

Fundi Sixtus wa Mbinga alifungua difu Lusekelo akiwa amesimama hapo hapo. Meno ya gia yalikuwa yameliwa, beringi imeungua, na kilichomwagika ni uji mweusi uliojaa chembe za chuma. Lusekelo aliona kwa macho yake. Bado akaja kutuletea maneno yako.

Chama kilikuwa na wezi wake, sikatai. Lakini hakuna mwizi wa chama aliyewahi kutubania oili ya difu. Imebidi tumpate ndugu wa damu.

Wiki iliyopita Lusekelo alikuja na lori lako jipya, akimtaka mdogo wetu Pankras aliendeshe msimu huu wa kahawa. Pankras hana kazi, akapokea funguo kwa mikono miwili. Mama akatoka jikoni.

"Hili nalo limewekwa oili gani kwenye difu?" akamwuliza.

Lusekelo akasema hajui, bosi amesema hayo yasubiri msimu uishe.

Mama alichukua funguo mikononi mwa Pankras, akamrudishia Lusekelo. "Mwambie Tarsisi aje aendeshe mwenyewe. Kitanda chake bado kipo."

Pankras amekasirika, hasemi na mama mpaka leo. Lori limempata dereva mwingine, mtu wa Mbuji. Mama yake simfahamu. Jumapili baada ya misa nitakwenda huko kumtafuta mama huyo, nimweleze yote niliyokueleza wewe.

Msalimie wifi Hilda na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu. Henry nilimwuliza kama ana salamu za kukupa, akageukia ukutani, nami naandika kama ilivyo. Mungu akutunze, kaka, na awatunze wote wanaoendesha magari yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bado, ingawa kwa uchungu,

Edina