Marefa Wawili

Jumatatu, 4 Mei 2026
Mwaka na miezi mitatu tangu nitoke Bukavu. Nimerudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka leo kutoka kibarua mjini, Area 25, mabega yamevimba kwa matofali. Kanisani wamebandika tangazo: wanatafuta watu wa kujitolea, wapande lori hadi Karonga mpakani, wapokee wakimbizi wapya na kuwaleta kambini. Mshahara hakuna. Naitaka kuliko kazi yoyote ya kulipwa. Mke wangu Fortunée na binti yetu Bora tulipotezana nao siku ile ya risasi, Bukavu. Wakivuka mpaka, uso wa kwanza watakaouona uwe wangu.
Wanataka CV na barua ya kueleza nia.

Jumanne, 5 Mei
Jirani yangu Guy ana shule. Ananiandikia kwa Kiingereza kwenye simu yake. Kazi: aide-maçon, msaidizi wa fundi mwashi, miaka tisa. Masomo: niliachia deuxième secondaire, mwaka wa pili wa sekondari. Alitaka kuandika nimemaliza. Nikakataa.
— Papa Bora, we utakufa njaa na ukweli yako.
Kwenye barua nikamwambia aandike namtafuta mke wangu. Hapana, akasema, barua ya nia haiandikwi hivyo. Ameandika napenda kusaidia watu. Si uongo. Lakini si nia.
Mwisho wanataka referees wawili. Guy alishatoka akaniachia simu, nikajaza mwenyewe: Maombi, anayepuliza firimbi kwenye mechi za Jumapili, na Gélase, mshika kibendera wake. Nilishangaa kidogo. Nikafikiri labda watu hugombana kwenye lori.

Jumatano, 6 Mei
Mama Kankindi, Mrundi anayepokea karatasi, amecheka mpaka akashika meza.
— Papa Bora, kwani hiyo lori iko na penalti?
Akanieleza: wanataka mtu anayekujua wewe na kazi yako, mwenye simu inayopokelewa. Maombi anajua tu kwamba sichezi mpira. Gélase aliwahi kubeba matofali nami, basi yeye abaki. Bado mmoja.
Anayenijua kweli ni Mzee Zihindula, fundi aliyenifundisha kazi Kadutu, kule Bukavu. Guy ameuliza kwenye kundi la WhatsApp la watu wa huko. Jioni namba ikaja. Rahisi hivyo — na mwaka mzima nilikuwa naulizia jina la Fortunée tu. Kumuulizia Mzee sikuwaza.

Alhamisi, 7 Mei
Nimempigia kwa simu ya Guy. Nikasema ni mimi, Papa Bora. Kisha akaanza kusali kwa sauti, kama anafukuza pepo. Nikamkumbusha ngazi ya nyumba ya daktari, aliyonibomolesha mara mbili kwa sababu ilikuwa imepinda. Hapo akalia.
— Mwana, tulisha kukulilia. Matanga tulifanya, batu balikula, balienda.
Mtu fulani alikuwa amewapelekea koti langu. Nililivua njiani nikakimbia. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa koti.
Nikauliza: na Fortunée?
Akakohoa. Akauliza huku mvua inanyesha? Nikauliza tena.
Walimtoa kilio, wakamvua nguo za msiba, mwezi wa pili mwaka huu. Ameolewa na seremala. Mtu mwema, alisema, usimkasirikie. Sina wa kumkasirikia. Ningekuwa na wa kumkasirikia, ningepumua.
— Na Bora?
— Mutoto anasoma. Anamuita ule papa.
Kisha akauliza yeye.
— Nimuambie uko muzima, ao ninyamaze?
Akisema, nyumba ile inavunjika leo leo. Akinyamaza, nabaki kaburini na mwanangu anakua. Nikamwambia angoje kwanza.
Kabla ya kukata nikakumbuka nilichompigia. Akasema ndiyo, wakimpigia atawaambia najua kazi.

Ijumaa, 8 Mei
Wamenichukua. Watu wawili tu ndio walioleta karatasi, amesema Mama Kankindi. Akanipa fulana ya njano na mkono wa pongezi. Mbona hufurahi, Papa Bora? Nikasema nimechoka.
Guy alipika nsima, ugali wa huku. Sikula. Nimemwambia kila kitu. Yeye anasema mke ni wangu, nipige simu nidai. Halafu akasema hapana, hajui.
Sina tena mtu wa kumpokea Karonga. Lakini watashuka watu, na kuna wanaowangoja. Nakwenda.
Nimempigia Mzee tena. Bado hajasema kitu. Alisema jana alimwona Fortunée sokoni, akapita njia nyingine kwa kuogopa mdomo wake mwenyewe. Nimemwomba avumilie. Lori linaondoka alfajiri. Nitarudi Jumatano, na siku hiyo nitampa jibu.