Mjomba Hapatikani

Mafinga, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika shikamoo hii mara tatu kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuileta hapa, maana naona haya hata kukuamkia. Mgongo unaendeleaje? Na lile goti, bado linakusumbua ukiinuka kwenye swala? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku ndiyo inatutesa, asubuhi tunawasha moto wa maranda nje ya kiwanda cha mbao ndipo vidole vikubali kushika kitu. Moyo wangu ndio hauna afya.

Najua atakusomea Dada Mwanahawa, kwa kuwa miwani yako imevunjika. Dada, shikamoo nawe. Nakuomba usome yote, usiruke neno kwa kunionea huruma. Tena usianze mpaka Shangazi Rukia awepo, pamoja na wale mama waliokuwa wanaosha masufuria uani siku ile nilipopiga. Sehemu ya mwisho tu ndiyo ya Mama peke yake, nitakwambia pa kusimama.

Mtashangaa kwa nini barua wakati simu zipo. Ni kwamba kwenye simu nimezoea uongo. Neno likinishinda nasema, "Haloo, haloo, chaji inaniishia," nakata, nimepona. Karatasi haina chaji ya kuniishia, kwa hiyo leo sina pa kukimbilia.

Naanza na hiyo simu yako, Mama. Msimu uliopita wa korosho nilipokuja, nilishuka Masasi nikakununulia simu ya kupangusa, nikakunyang'anya kile kitochi chako kilichokuwa kinakaa na chaji wiki nzima. Nilijiona mtu kweli. Nikakukalisha barazani nikufundishe kupokea, ukaniambia, "Mwanangu, hiki kioo kinazima kabla sijaona pa kugusa." Nikaichukua, nikaingia kwenye mipangilio, nikakiamuru kioo kisizime kamwe. Nikakurudishia, nikaondoka zangu, nikasahau kabisa kwamba nimefanya hivyo.

Kuanzia hapo kila nikipiga hupatikani. Na mimi najua hali ya huko. Umeme umepita barabarani, kwako haujaingia, simu mpaka uitembeze hadi Kitangari kwa kinyozi, uichomeke pamoja na nyingine zilizorundikana kwenye ekstensheni moja, na ukitoka kidogo tu kuna atakayechomoa yako achomeke yake. Najua yote hayo, na bado nilikugombeza. Nilikwambia huku wenzangu wakisikia, "Mama, unaichezea simu kutwa nzima, mtu mzima unaangalia picha." Ukanijibu, "Nisamehe baba, nitaitunza." Ulijibu kama mtoto aliyevunja sahani, na mimi nikaona nimefanya la maana.

Juzi ndipo Dada akaniambia kwamba kinyozi aligundua zamani kuwa kioo ndicho kinachokula chaji. Akairekebisha, akauliza ni nani aliyeiweka hivi. Ukamwambia, "Sijui, labda niligusa mwenyewe." Mama, uliniona kwa macho yako nikiigusa. Ukanyamaza miezi yote ile, nami naendelea kukusema.

Ukaja mwezi wa unyago. Kwetu mwali akitoka anatoka na jina jipya, na jina hilo mwenye kulitoa ni mjomba. Kaka alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mjomba wa mwali wetu, mtoto wa Dada, nimebaki mimi. Kiwandani sikupata ruhusa ya kusafiri. Tukakubaliana, Jumamosi saa nne, mwali akishatolewa mbele za watu, utanipigia, utaweka spika, nami nitamwita kwa jina lake watu wote wasikie. Nikakusisitizia, tena kwa ukali, "Chaji, Mama. Usiniangushe kwenye chaji."

Ijumaa, siku ambayo bibi wa mwali anatakiwa kuwa ndani na wenzake wakimfunda mjukuu wake, wewe ulikuwa Kitangari kwenye benchi la kinyozi, kutwa, unailinda simu isichomolewe. Ilipojaa ukaizima, ukaifunga kwenye pindo la kanga, ukarudi nayo nyumbani kwa miguu. Hukumruhusu mtu hata kuiwasha aone saa.

Sasa sikilizeni mimi nilifanya nini. Jumamosi ile hatukuwa na kazi, msumeno mkubwa ulikuwa unatengenezwa. Niliamka simu ina asilimia arobaini. Soketi ipo chumbani, hatua mbili kutoka kitandani, na umeme upo. Sikuichomeka. Nilijilaza nikaangalia marudio ya mpira, goli lile lile mara sita, kisha nikaitia simu mfukoni nikatoka nje kucheza draft, ule mchezo wa kete. Betri yangu ni mbovu, imeanza kuvimba, na baridi ya huku inaimaliza zaidi. Inasoma thelathini, ukigeuka imezima. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Saa tatu na nusu ikazima. Kalinga, ninayelala naye chumba kimoja, akaniona naitikisa. Akasema, "Chukua pawabanki yangu, si ulisema leo una simu ya nyumbani?" Nikamwambia, "Ngoja nimalize hii, nina kingi mbili." Nilikuwa nashinda, Mama. Ile ikaisha, nikapanga nyingine. Kalinga akaniuliza tena, nikamjibu kwamba nyumbani hawawahi, ngoma zetu huchelewa. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa sita.

Huo ndio ukweli. Umeme haukukatika.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Dada, aliyekuwa amesimama ubavuni pako. Ngoma zikanyamazishwa. Mwali amefunikwa kanga, anasubiri. Ukapiga, ukapiga tena, na Dada akamsikia yule mwanamke wa kwenye simu akisema namba haipatikani. Watu wote wanakutazama. Ndipo ukaibana simu sikioni, ukasema kwa sauti, "Marahaba, mwanangu. Ndiyo, yupo hapa mbele yangu. Haya. Haya, nimesikia." Ukageuka ukawaambia, "Mtandao unakwaruza, kwenye spika hamtamsikia. Mjomba wake anasema aitwe Zainabu." Wakapiga vigelegele. Ukachagua jina la bibi aliyenilea, ili asiwepo wa kuuliza kama kweli limetoka kwangu.

Mwanamke wa swala tano, umesimama katikati ya watu ukaongea na simu isiyo na mtu, ili mwanao asionekane hana maana. Kila nikiliwaza hili nikiwa kazini nakosa hata pa kutazama.

Na mimi nikaja kuliharibu. Jumatatu nikapiga, uongo wangu wa umeme nimeshauandaa mdomoni. Ukapokea kwa spika kama kawaida yako, nami hata kabla hujamaliza salamu nikasema, "Nipe fulani nimpongeze," nikataja lile jina lake la utoto. Silirudii hapa. Mtu akishachezwa unyago, jina lile limebaki huko huko alikochezewa, na kumwita nalo ni kumtukana, tena mwenye kumtukana ni mjomba wake. Kisha nikamsikia Shangazi Rukia, "Hee, Hamisi, si wewe uliyempa jina juzi?" Nami mjinga nikajibu, "Jina gani, Shangazi? Mimi Jumamosi sikuongea na mtu, umeme ulikatika tangu asubuhi."

Wewe ukasema taratibu, "Chaji inaisha, mwanangu," ukakata. Mama, neno lako la kwanza ulipopokea lilikuwa kwamba umetoka kuichaji, ina tisini. Miaka yote hii sijawahi kukusikia ukisema uongo wa simu. Umeupata kwangu.

Dada anasema tangu siku hiyo hutoki. Maji unaagiza, msibani kwa jirani umetuma udhuru. Anasema wapo wanaokuigiza, wanaweka mkono sikioni wanasema, "Marahaba, mwanangu, nimesikia," halafu wanacheka. Na wapo wanaosema lile jina si jina, kwa kuwa halikutoka kwa mjomba, kwa hiyo mtoto wa Dada hana jina. Hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Basi Shangazi Rukia, shikamoo, na nyote mliokuwepo, nisikieni mimi mwenyewe. Mama yangu hakuwadanganya kwa kupenda. Alikuwa anafunika aibu yangu kwa kanga yake mwenyewe. Niliyestahili kuchekwa ni mimi, niliyeweka draft mbele ya mtoto wa dada yangu. Na kuhusu jina, mimi Hamisi, mjomba wake, nasema anaitwa Zainabu. Aliitwa Zainabu tangu Jumamosi ile, kwa kinywa cha mama yangu, na kinywa chake ni changu. Asiyelikubali jina hilo anisubiri mimi. Nimeomba ruhusa upya, na msimamizi amekubali nije tutakapoanza kupuliza dawa kwenye mikorosho. Nitasimama hapo hapo uani nilirudie kwa sauti, na atakayetaka kunicheka anicheke usoni.

Zainabu, mwanangu, hili ndilo neno la kwanza ninalokuita. Nisamehe kwa lile tusi. Si kwamba sikukujua umekuwa mkubwa, ni kwamba sikuwepo pale nilipotakiwa kuwa, wala kwa miguu wala kwa sauti. Nikija nitakaa mbele yako uniambie lolote unalotaka kuniambia.

Barua inaletwa na dereva wa lori la mbao anayeshusha mzigo Masasi, naye ataikabidhi kwa shemeji yangu, mume wa Dada, pale sokoni. Shemeji, nashukuru, na pole kwa shughuli uliyoibeba peke yako. Mnisalimie kungwi wa mwali, mwambieni nimesikia kazi yake na sina cha kusema mbele yake. Mnisalimie na kinyozi wa Kitangari, aliyempa Mama benchi kutwa nzima na kumpelekea chai. Mtu baki amemtunza mama yangu siku ambayo mimi nilishindwa kunyoosha mkono hadi kwenye soketi.

Wenu mwenye haya,
Hamisi

Dada, simama hapa. Wageni wakishaondoka, kaa karibu na Mama umsomee haya yaliyobaki.

Mama, tangu mfungo wa Ramadhani nilikuwa nimeshaliandaa jina la mwali. Sikumwambia mtu, hata Dada. Kiwandani msumeno ukinguruma nilikuwa nalitamka kwa sauti, nijizoeze nisije nikababaika kwenye spika, kwa kuwa hapo hakuna anayesikia. Kalinga aliniona midomo ikicheza akadhani nimeanza kuugua.

Lilikuwa jina lako. Nilitaka watu wote wa kwetu wasikie mwali akiitwa wewe, na wewe umesimama pale na simu mkononi. Mngeitana somo, wewe na mjukuu wako, maisha yenu yote. Nilikuwa nafikiria uso wako utakavyokuwa, na nilikuwa nacheka peke yangu.

Sasa jina halitolewi mara mbili. Zainabu ni Zainabu, na ni jina zuri, wala sitalibadili. Lakini sikutaka ufe au nife bila wewe kulijua hili. Simu yangu ilikuwa na arobaini asubuhi ile, Mama. Jina lako ni fupi. Lisingemaliza hata asilimia moja.