Majani Yasiyo na Tundu

4 Mei

Wifi yangu kipenzi,

Hujambo? Na huyo mgeni wa tumboni hajambo? Mimi mzima, ila hawa nyenje ninaowafuga wananitia wazimu. Soya imeadimika, nimebaki na pumba, na pumba hujaza tumbo lakini hainenepeshi. Wakikosa protini hutafunana hawa. Jana nimekuta jike zima halina miguu! Hebu nianikie majani ya maboga, uyatwange, umpe dereva wa lori. Yakikauka yana protini ya kuwatuliza. Msalimie mdogo wangu, huyo mumeo.

Wifi yako mchokozi,
Mama Nyenje

11 Mei

Mama Nyenje wee,

Salamu zimefika, na gunia lako la majani nimempa dereva. Simu bado mbovu, vumilia mwandiko wangu. Majani ya safari hii, usiseme! Mdogo wako kapata dawa mpya ya kupulizia wadudu shambani, huoni jani lenye tundu. Mimi nayala mchana na jioni, mkunga kasema niongeze damu. Ila mimba hii, wifi! Miezi mitano na bado natapika. Mate yananijaa, jasho linanitoka, macho yanaona ukungu. Mkunga anacheka, eti huyu ni dume korofi. Nyenje wakinenepa usinisahau, nitumie bakuli nikaange.

Wifi yako,
Mama Kijacho

15 Mei

Wifi,

Salamu baadaye. Usiyale hayo majani! Hata yaliyo jikoni, yafukie.

Jana niliweka unga wako kwenye kreti moja, nyingine nikaiacha na pumba. Wa majani wakaanza kutetemeka, wakalala chali wakirusha miguu. Jioni kreti ilikuwa kimya. Wa pumba wanalia mpaka sasa. Na mimi, mfuga wadudu mzima, nilisoma "huoni tundu" nikafurahi! Jani ambalo kiwavi kalishindwa, wewe unalila kila siku. Naogopa, wifi. Hayo mate na hilo jasho si mimba. Nenda hospitali leo, utaje dawa. Nimemsihi dereva anilete, kasema tajiri wake hataki abiria.

Wifi yako

19 Mei

Dada, shikamoo.

Huku si kwema. Barua yako ilikaa mezani kutwa. Imeandikwa kwa wifi, na mambo yenu mawifi sijawahi kuyafungua. Mwenyewe alikuwa kalala, nikasema ni uchovu. Jioni akaanguka jikoni, povu mdomoni. Ndipo nikaichana, nikaisoma garini kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Hospitali nikampa daktari aisome; alipofika penye nyenje, aliacha kuuliza habari za mimba, akaita wauguzi.

Hajafumbua macho. Mtoto alicheza asubuhi, mara moja tu. Tangu hapo nimeweka kiganja tumboni mwake, naogopa kukiondoa. Hapa naandika kwa mkono mmoja. Dawa nilipuliza mimi, dada, kwa mkono huuhuu.

Daktari anasema tusubiri. Lakini wewe ndiye uliyewaona. Niambie kweli, usinifiche: kwenye ile kreti, hakupona hata mmoja?

Mdogo wako