Gesi ya Neema

Bibi, mke wangu, shikamoo.

Babati nzima hakuna mwanasayansi wa kunizidi, na sekondari yenyewe niliishia njiani. Maprofesa wakija huku waniulizie mimi.

Mjukuu wako Neema na wenzake wa klabu ya sayansi wametengeneza gesi ya kupikia kwa mavi ya ng'ombe. Mavi nimebeba mimi kutoka Nangara, ndoo kwa ndoo, mpaka wasichana wakawa wananipisha njia. Baba mdogo akamwambia Neema, "Jumamosi nakuja. Moto usipowaka, klabu basi, utakaa dukani kwangu."

Leo kaja maabara, kakunja mikono. Kiberiti cha kwanza, kimya. Baba mdogo akanigeukia, "Wewe una uhakika ulibeba mavi, si udongo?" Neema akafungua koki zaidi, gesi ikalia fsss, akawasha tena. Bibi, moto wa bluu, hauna moshi wala haunuki. Wakachemsha chai palepale. Baba mdogo kanywa vikombe viwili, kafuta midomo, kasema, "Jumamosi ijayo wekeni na tangawizi." Neema akakaa chini, akacheka mpaka machozi. Hata mimi nilishusha pumzi.

Huku mvua na baridi, nakukumbuka wewe na blanketi lako. Ule vizuri, na usipokee posa ya mtu kabla sijarudi.

Ila huo moto wa bluu nimesimuliwa tu. Gesi ilipolia nilitoka mbio mpaka uwanjani, na niliporudi chai ilikuwa imeiva na gesi imekwisha.