Wa Mfereji wa Chini Wanasemaje?

Shikamoo, Baba.

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungushe maneno.

Unakumbuka asubuhi za ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, ukinichukua kwenda kugawana maji? Habari zote za kijiji zilifika pale. Ikisemwa fulani kaiba zamu, wa mfereji wa juu walikuwa tayari kumtoza mbuzi. Wewe uliegemea jembe ukauliza, "Na wa mfereji wa chini wanasemaje?" Watu walinuna, maana kuwasubiri wapande mlima kulimaliza asubuhi, na tangawizi shambani ina kiu. Ukawasubiri hivyo hivyo. Mimi niliona unatuchelewesha tu.

Siku hizi, Baba, kila mtu ana mfereji wake mfukoni. Elia, kitinda mimba wako, alitazama video moja ya mtu anayesema dawa za presha zinaua figo. Simu ikamletea ya pili, ikamletea ya kumi, mpaka akamwachisha Mama vidonge. Yangu inaniletea madaktari, na watu waliopooza kwa kuacha dawa. Tunagombana tangu masika, kila mmoja na ushahidi wake, na presha ya Mama inapanda.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia, "Lete simu yako, shika yangu." Tukakaa barazani tukitazama. Haukupita muda nikaanza kuogopa hata dawa ya kichwa. Elia naye akasema, "Dada, kumbe haya ndiyo unayoletewa wewe?" Sikuwa na nguvu za kumcheka. Ningeshinda na simu ile, ningefanya kama yeye.

Mama alikuwa pembeni anamenya ndizi. Hakuinua hata uso.

"Mnasomeana simu tu," alisema. "Vidonge vile vilikuwa vinanipa kizunguzungu. Nilitaka wanibadilishie. Hakuna aliyeniuliza."

Niliona aibu, Baba, nikakukumbuka na jembe lako.

Kesho tunashuka naye hospitali, Same mjini. Tumekubaliana na Elia: simu zinabaki nyumbani, na mbele ya daktari hatufungui mdomo mpaka Mama amalize.

Pumzika. Swali lako limenifikia nimechelewa, lakini wa kuulizwa bado yupo.

Binti yako mkubwa